Chumvi ya Siku ya Sita

Kisamvu kilikuwa kimeiva muda mrefu, lakini Zaina aliendelea kukikoroga bila sababu. Alikuwa anangoja moyo wake umpe ruhusa ya kuita.

Mkebe wa chumvi ulikuwa pale pale juu ya kinu kilichopinduliwa, hatua mbili kutoka alipokuwa amechutama. Mpita njia angesema huyu binti ana lake jambo, mboga hiyo na chumvi hiyo, kinachomshinda ni nini? Lakini Zaina alichezwa unyago kama wenzake wote, na nyakanga wake alimfundisha kwamba mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga ya watu. Humwita mama au bibi aliyekwisha kukoma hedhi, akaja kumtilia. Wasichana wengi wa mjini Nachingwea siku hizi wanalicheka jambo hilo. Bi Mwamini wa Ruangwa hakuwa mtu wa kuchekewa mambo yake, na hapa palikuwa jikoni kwake.

"Mama," Zaina aliita hatimaye. "Naomba uje unitilie chumvi."

Bi Mwamini alitoka ndani taratibu, khanga kiunoni, mikono bado ina unga wa muhogo. Akaipangusa, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akainyunyiza, akaonja kwenye kiganja. Halafu akamtazama mchumba wa mwanawe usoni kwa yale macho yake yasiyo na haraka.

"Leo ya ngapi?"

"Ya kwanza, mama."

"Haya," alisema Bi Mwamini, akarudi ndani.

Hiyo 'haya' ndiyo iliyomkata Zaina maini. Yeye na yule mama walijua kwamba hesabu imeanza upya, na walijua mara ya mwisho iliishia wapi.

Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho. Zaina, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko la Nachingwea, alikuwa amekuja kukaa wiki mbili kuokota korosho na kuonana na mama mkwe mtarajiwa. Siku ya pili tu mwezi wake ukaingia. Akaita chumvi siku hiyo, akaita kesho yake, akaita siku ya tano, ya nane, ya kumi. Kila mlo Bi Mwamini alikuja, akatia, akaonja, akaondoka kimya. Siku ya kumi na mbili alifunika mkebe akasema, bila hasira hata kidogo, "Mwanangu, tangu uje hapa sijala mboga ya mkono wako. Damu ya mwanamke haiendi hivi. Nyumba inataka watoto."

Zaina alifungasha siku ile ile. Alifika Nachingwea akazima simu, akajifungia na mashine yake ya kushonea.

Hakukuwa na jipya katika maneno ya yule mama. Zaina alikuwa ameyaishi tangu ana miaka kumi na tano. Kabati lake lilikuwa la nguo nyeusi na za bluu iliyoiva, maana rangi nyingine zilikuwa na wenyewe. Juu ya kiti chake cha kushonea palikuwa na khanga nyeusi iliyokunjwa mara nne. Alivaa pedi mbili kwa mkupuo na kipande cha kitambaa juu yake, na bado mteja akija kuchukua sare ya mtoto, Zaina alimwambia aichukue mwenyewe pale kwenye msumari, kisha akajifanya anatunga uzi mpaka mtu aondoke ndipo athubutu kusimama. Walimwona ana maringo. Alikuwa amekunywa mizizi ya kuchemsha kutoka Kilimarondo, chungu mpaka machozi. Dukani walimpa vidonge vya maumivu. Shangazi zake walimwambia kila mwanamke anaumwa, avumilie, akizaa itaisha. Sasa yule aliyetaka kuzaa naye, Zaina mwenyewe alikuwa anamkimbia.

Ausi, mwana wa Bi Mwamini na mchumba wake, alimfuata siku ya tano. Alikuwa fundi wa mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kijana mrefu asiye na maneno mengi, na walijuana siku alipoleta ovaroli iliyochanika mgongo mzima akaomba ishonwe akiwa ameivaa, maana alikuwa hana nyingine. Siku hiyo ya tano aliegesha pikipiki mbele ya kibanda, vumbi la njia nzima kutoka Ruangwa likiwa kwenye nyusi zake, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umezima simu, Zai."

"Nimezima."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Zaina hakuinua macho kwenye kitambaa. "Mimi ni mgonjwa, Ausi. Tafuta mwanamke mzima, mama yako afurahi."

"Mama yangu nitaongea naye. Wewe unaumwa nini?"

Kuna mambo msichana hamwambii mwanaume, hata awe anampenda vipi. Lakini Zaina alikuwa amechoka, na uchovu wakati mwingine hufanya kazi ambayo ujasiri umeshindwa. Alimwambia yote. Alimwambia habari za mabonge ya damu, na kizunguzungu, na siku aliyoanguka chooni kwa Bi Mwamini akajikokota mwenyewe mpaka kitandani ili asionekane. Alipomaliza alingoja aone uso wa Ausi ukigeuka kando, kama alivyokwisha kuuona ukigeuka mara nyingi kichwani mwake.

Ausi alijikuna kisogo. "Mashine ikivuja," alisema polepole, "huwa hatuitupi. Tunatafuta inavujia wapi."

"Mimi si mashine."

"Najua. Ungekuwa mashine ningekuwa nimeshakufungua."

Zaina alicheka. Hakutaka kucheka, alikuwa amejiandaa kulia, na kicheko kikamtoka na machozi yake humo humo. Ausi alivuta benchi karibu, akaushika ule mkono uliokuwa umeshika mkasi, mkasi wenyewe ukiwa humo humo, wakakaa hivyo mpaka mteja akaja akakohoa mlangoni.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali pamoja. Daktari Faith, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza maswali ambayo katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumuuliza Zaina. Unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku? Mabonge yana ukubwa gani? Unaamka usiku kubadilisha? Ukipanda kilima pumzi inakatika? Akapima damu, akaonyesha karatasi. Kiwango cha damu kilikuwa saba.

"Mwenzako mzima ana kumi na mbili na kuendelea," daktari alisema. "Umekuwa ukishona na kuokota korosho na nusu ya damu ya mtu. Hii si kawaida, mdogo wangu, na wala si kosa lako."

Zaina aliyabeba maneno yale mpaka nyumbani. Kipimo cha tumbo kilionyesha kizazi kisicho na uvimbe wala kasoro. Alipewa vidonge vya kuongeza damu na vingine vya kupunguza mtiririko, vya kumeza siku zile nzito tu. Mwezi wa kwanza siku kumi na mbili zikawa tisa. Mwezi wa pili zikawa tisa tena, na Zaina akakata tamaa, akasema basi, ndivyo nilivyoumbwa. Ausi ndiye aliyempigia simu asubuhi ya siku ya kurudi kliniki na kumwambia pikipiki iko mlangoni.

Daktari Faith hakukata tamaa. Alitoa paketi bapa yenye vidonge vyeupe mistari mitatu na vya kahawia mstari mmoja.

"Hivi si vya majira?" Zaina aliuliza, akashusha sauti kana kwamba kuta zina masikio.

"Ndivyo hivyo. Lakini kuzuia mimba si kazi yake pekee. Vinafanya ngozi ya ndani ya kizazi isijijenge nene, kwa hiyo cha kutoka kinakuwa kidogo. Nimekupima presha na nimekuuliza yote ya kuuliza, kwako vinafaa. Siku ukitaka mtoto utaviacha, utakuja tuzungumze."

Msichana asiyeolewa, na paketi ya majira! Zaina aliona haya kurudi kuchukua nyingine, na safari moja Ausi akaenda badala yake. Alikaa benchi moja na kina mama wanaonyonyesha, yeye na magoti yake marefu, wakamtania mpaka wakachoka. Alirudi na paketi kwenye mfuko wa shati, amenuna, na Zaina akampenda siku ile kuliko siku zote.

Mwezi wa kwanza wa vidonge vile siku zilikuwa nane. Uliofuata sita, uliofuata tano, na pedi moja ilitosha. Alipanda kilima cha hospitali bila kusimama njiani. Damu ikawa kumi na moja na ushee. Zaina akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mwari: akajishonea gauni la rangi ya maziwa.

Bi Mwamini hakuambiwa lolote kati ya hayo, maana Zaina alimwapisha Ausi asiseme. Mwezi wa saba, mashine za salfa zilipokuwa zinanguruma mashambani kote, yule mama, aliyekuwa akibembelezwa na Ausi atume posa, alimwambia mwanawe, "Kabla sijatuma watu kwa mjomba wake, aje akae nami tena wiki moja." Ausi akahamishiwa kwa rafiki yake Amri, nyumba ya tatu, ili majirani wasipate la kusema. Zaina akaja, na siku ya pili, kwa mpangilio wa vile vidonge vya kahawia, ambavyo ndivyo huachia hedhi ije, mwezi ukaingia. Ndipo akajikuta mbele ya kisamvu.

Sasa, msomaji, shida haikutoka kwenye damu. Ilitoka kwenye sindano.

Siku ya tatu ya hesabu, karibu na adhuhuri, Bi Mwamini alitaka sindano ya kushikiza kifungo. Zaina alikuwa uani anapika mbaazi. "Kwenye mkoba wangu, mama, mfuko wa pembeni," alisema bila kufikiri. Alipokumbuka alikuwa amechelewa. Bi Mwamini alikuwa amesimama kizingitini, sindano mkono mmoja, paketi bapa mkono wa pili.

Ausi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shambani, salfa ya njano imemjaa masikioni. Alimwona mama yake, akaona alichoshika, akasimama alipokuwa.

"Hivi navijua," Bi Mwamini alisema. "Naviona kliniki kila nikienda. Msichana hajaolewa, vya nini?"

"Ni dawa yangu, mama," Zaina alisema. "Ya damu."

"Dawa ya damu, au ya kuzuia mimba?"

"Hivyo vya mkononi mwako nilikwenda kuvichukua mimi," Ausi alidakia.

Bi Mwamini aligeuka polepole. "Wewe?"

"Mimi, mama. Muulize nesi, atakwambia habari za yule mrefu."

"Kwa hiyo mmekaa wawili, mkapanga kuwazuia wajukuu zangu kabla hata sijatuma posa."

"Mama, hatujafanya la kuzuia wajukuu," Ausi alisema, akashika pua, akaanza kuona haya. "Zai yuko kwao na mimi niko kwangu."

Zaina aliondoa mikono kwenye sufuria, akajifuta, akasimama. Akapiga moyo konde. Angeweza kunyamaza. Mwezi wa kumi na moja alinyamaza, na kunyamaza kulimfikisha Nachingwea na simu iliyozimwa.

"Mama, naomba nikwambie mwenyewe. Mwaka jana nilipokuwa hapa nilianguka chooni kwako. Sikusema. Nilipopimwa nilikuwa na damu nusu. Dawa za kwanza hazikunitosha, hizi zimenitosha. Kizazi changu kimepigwa picha, ni kizima, na nikitaka mtoto nitaacha kumeza. Daktari kaniambia hivyo mbele ya Ausi." Aliitazama ile paketi. "Ukiona sikufai, mama, nitakuelewa. Lakini usiseme nimefunga kizazi. Na dawa yenyewe, uniwie radhi, siiachi. Nilikuwa nakufa nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Bi Mwamini aliweka paketi juu ya kinu, kando ya mkebe wa chumvi, akaingia ndani.

Mbaazi zilichemka. Nazi ikaingia, ikatokota, wakati wa chumvi ukafika.

"Mama," Zaina aliita. "Naomba chumvi."

Hakutoka mtu.

Aliita tena. Ndani kitanda kililia, mtu akijigeuza, basi.

Zaina alisogeza sufuria kando ya moto. Alijua maana yake. Mama mkwe asiyekutilia chumvi hana haja ya kukufukuza, chakula chako chenyewe kimekufukuza. Akaanza kufungua mafundo ya khanga ya jikoni. "Nipeleke stendi, Ausi."

"Subiri kwanza." Ausi alikuwa ananawa kwenye ndoo, sabuni mpaka viwiko, anakwangua salfa kwenye kucha. "Nyakanga wako alisema nani asitie chumvi?"

"Mwanamke aliye katika siku zake."

"Na mwanaume?"

Zaina alifikiri. "Hakutaja wanaume. Nani angetaja? Wanaume hawaingii jikoni."

"Basi mimi sikatazwi."

"Ausi, mama yako..."

"Mama yangu yuko ndani, mboga iko nje." Alifungua mkebe. Yule kijana alikuwa hajawahi kupika hata chai maishani mwake. Alichokijua ni kujaza salfa kwenye mashine, na salfa haitiwi kwa vidole vitatu. Akazamisha konzi nzima, akaimwaga kwenye mbaazi, akakoroga kwa nguvu zote, akamtazama Zaina kwa fahari. "Tayari. Kaa chini, nipakue."

Chakula kikatengwa, Bi Mwamini akatoka. Hata mtu akinuna, kula atakula. Alikaa kwenye mkeka, akamega tonge la ugali wa muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Taya zikasimama. Zikaendelea. Akameza, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji, akanywa chote.

"Nani katia chumvi?"

"Mimi, mama," Ausi alisema.

"Wewe Ausi."

"Uliitwa mara mbili hukuja. Nikaona huyu hawezi kutia, wewe hutaki, nimebaki mimi."

Bi Mwamini alimega tonge jingine. Akalila. Akanywa maji tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Zaina, aliyekuwa hajagusa chakula, alifikiri analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kwa ndani kilichomjaza macho maji, na kilipopungua yale maji yakabaki.

"Baba yako hakuwahi," alisema.

"Hakuwahi nini, mama?"

"Kuinuka." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia Zaina. "Mimi zilikuwa siku kumi na moja, mwanangu. Kumi na moja, kila mwezi. Mama mkwe wangu alikuwa na mkebe wake kama huu, alikuja kunitilia na kuhesabu. Yale maneno niliyokwambia mwezi wa kumi na moja niliambiwa mimi, hapo ulipokaa. Neno kwa neno. Nilimzaa huyu kwa taabu, waliomfuata wawili hawakukaa. Baba yake akaenda kuoa kijiji cha Lionja. Siku naita chumvi na hakuna anayekuja, alikuwa amekaa pale mlangoni anachonga mpini."

Ausi alikuwa ameinamisha kichwa. Alimjua baba yake kama mtu wa Lionja tu. Hakuwahi kuambiwa habari ya chumvi.

"Nilipokuona wewe nilijiona mimi," Bi Mwamini aliendelea. "Sikukuchukia, Zaina. Niliogopa mwanangu atakufanyia nilivyofanyiwa. Nikasema bora waachane sasa, msichana bado mbichi, kuliko kuja kuachwa na maiti mbili za watoto mgongoni. Nilikufukuza kwa huruma, na huruma yangu ilikuwa mbaya."

"Mama," Zaina alisema. Alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana. Kwa muda mrefu yule mama alimtazama, na safari hii macho yake hayakuhesabu kitu.

"Wakati ule walituambia tuvumilie," Bi Mwamini alisema. "Kumbe dawa ipo."

"Hata mimi niliambiwa nivumilie. Miaka kumi na moja."

Bi Mwamini alinyoosha mkono nyuma yake mpaka juu ya kinu, akachukua ile paketi, akaigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu anayetafuta mahali pa kusomea.

"Cha leo umekimeza?"

"Bado, mama. Huwa namezea chakula cha mchana. Ni hiki cha kahawia."

"Kimeze basi, unangoja nini?" Akamimina maji kwenye kikombe alichokuwa akinywea, akampa mwenyewe mkononi. "Na usile hizi mbaazi, zitakuua kabla ya damu. Ausi, mwaga. Mbali, kuku wakizionja watatuhama."

Siku ya nne Zaina aliita chumvi, na Bi Mwamini alikuja kabla hajamaliza kuita. Siku ya tano vivyo hivyo, na hakuuliza ya ngapi. Alikaa jikoni baada ya kutia, akamwonyesha Zaina jinsi ya kusonga ugali wa muhogo usishike mabonge, akamsimulia jinsi Ausi alivyokuwa mdogo, alivyokuwa anafungua kila kitu, hata kufuli ya sanduku la bibi yake. Ausi, akipita na galoni lake la petroli, alikuta wanacheka, akauliza wanacheka nini, wakamwambia hayamhusu.

Asubuhi ya siku ya sita, kabla jua halijachomoza, Bi Mwamini alisikia maji bafuni. Yalimwagika kwa muda, maji ya mtu anayeoga josho la kumaliza hedhi na kuhakikisha hajaacha mahali. Alikuwa ametandika msala wake, akausogeza kidogo, akatandika wa pili kando yake. Zaina akaingia, uso bado umelowa, amevaa lile gauni la rangi ya maziwa chini ya khanga ya kuswalia, wakaswali pamoja kwa mara ya kwanza.

Kulipokucha yule mama alimtumia Ausi ujumbe kwa Amri aje haraka na kisu kikali. Jogoo mwekundu, aliyekuwa akiwekewa sikukuu, akachinjwa. Zaina alimpika kwa nazi nzito na nyanya za kuchuma, jasho likimtiririka, na Ausi akakaa kwenye kizingiti akimwangalia bila kujificha, akitazama lile gauni, na shingo, na ule mkono unaokoroga.

"Unanitazama nini?"

"Sijawahi kukuona na nguo nyeupe."

"Si nyeupe. Ni ya maziwa."

"Hata ingekuwa ya tope," Ausi alisema, akakomea hapo, maana mama yake alikuwa anakuja.

Bi Mwamini alikuja jikoni kama alivyokuja siku zote, akipangusa mikono kwenye khanga. Wakati wa chumvi ulikuwa umefika. Alifika kwenye kinu, akanyoosha vidole vyake vitatu kuelekea kwenye mkebe, kisha mkono ukasimama njiani. Akamtazama Zaina. Zaina alikuwa anatabasamu, na kwenye kope zake kulikuwa na unyevu ambao hakuufuta.

Yule mama alirudisha mkono. Akauchukua mkebe mzima, akaushusha kutoka kwenye kinu, akauweka chini kando ya jiko, karibu na goti la Zaina.

Zaina alichota. Akatia. Akakoroga mara mbili, akamdondoshea mama mkwe mchuzi kwenye kiganja. Bi Mwamini alionja, akafumba macho. Ausi kizingitini akanyoosha shingo.

"Ausi," Bi Mwamini alisema bila kufumbua macho.

"Naam, mama."

"Mpigie simu mjomba wake Nachingwea. Mwambie watu wangu watafika Ijumaa baada ya swala. Waandae pa kukaa."

Zaina alijifunika uso kwa khanga ya jikoni, moshi na vitunguu na yote. Ausi alikuwa amesimama, hajui pa kupeleka mikono yake, na kwa kukosa la kufanya akauinamia ule mkebe aurudishe kwenye kinu.

"Wacha hapo," mama yake alisema. "Hapo ndipo pake sasa. Siku akiwa hawezi, nitamtilia mimi. Na siku mimi nisipokuwepo utamtilia wewe, ndiyo kazi yako. Lakini kaa hapa kwanza nikufundishe, ni vidole vitatu, si konzi."

Ausi akakaa.